Bakuli Jeupe la Nchi ya Ukosi

Nchi ya Ukosi haimo katika ramani za shuleni, lakini mtu akiugua kwa namna fulani hujikuta anaonyeshwa njia ya kwenda huko kabla hajauliza. Haya ndiyo yaliyowakuta huko Mwanamvua na mdogo wake, Ngwali.

Mwanamvua alikuwa na miaka ishirini na mitatu na shahada ya lishe aliyoipata miezi mitano tu nyuma. Ngwali alikuwa na ishirini na mmoja. Mwaka uliotangulia, kilima kilimeguka juu ya kijiji chao, na Ngwali akafukiwa siku mbili ndani ya chumba cha mashine ya kusaga. Walipomchimbua alikuwa mzima, hana hata mfupa uliovunjika, na watu wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana. Mvua ikianza tu kudondoka, alijitupa chini ya meza. Tumbo lilimsokota kila asubuhi, alikaa hata siku tano bila kwenda choo, na alikonda mpaka suruali yake ikafungwa kwa kamba. Kuhusu zile siku mbili hakumwambia mtu neno. Mwanamvua alisikia kwamba Ukosi kuna matabibu wa akili wasio na kifani. Akaapa kwamba hatarudi nyumbani mpaka mdogo wake awe analala na anakula.

Mlangoni mwa nchi walimkuta karani mwenye fomu za rangi mbili, buluu na kahawia. Shingoni alivaa kola ngumu ya ukindu, pana vidole vinne.

"Karibuni. Juu au chini?"

"Sijakuelewa, kaka."

"Ugonjwa wa huyu ndugu. Uko juu ya shingo au chini ya shingo?"

"Halali, na anaota mchana macho wazi. Halafu tumbo lake..."

"Dada, nimeuliza swali moja."

"Ni vyote viwili."

Karani aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma. "Fomu ya vyote viwili hatuna. Kuna bwana mmoja alijaza zote mbili. Ofisi ya Juu ikamtuma ya Chini, ya Chini ikamrudisha ya Juu. Yule pale."

Mwanamvua aligeuka. Kwenye benchi la ukutani alikaa mzee mwenye fomu mbili mapajani. Mzee akampungia mkono kwa uchangamfu, kama mtu aliyezoea kutolewa mfano.

"Juu," alisema Mwanamvua, na Ngwali akapewa fomu ya buluu.

Ilimchukua Mwanamvua siku chache kuzielewa sheria za nchi ile. Kwa mujibu wa sheria hizo, mwili wa raia ni mikoa miwili, Juu na Chini, na mpaka wake ni shingo. Ili mpaka uonekane, kila mtu huvalishwa kola ya ukindu tangu anapoanza kutembea. Mambo ya Juu, yaani fikra, ndoto, hofu na huzuni, huzungumzwa watu wakiwa wamesimama. Mambo ya Chini, yaani njaa, chakula, choo na maumivu ya tumbo, huzungumzwa watu wakiwa wamekaa. Mke na mume wakigombana kuhusu chumvi, huketi. Wakifika kwenye wivu, husimama. Mwanamvua aliwahi kualikwa chakula cha mchana katika nyumba moja, akahesabu familia ikiinuka na kuketi mara kumi na nne kabla wali haujaisha. Kuchuchumaa ni kosa, kwa sababu mtu aliyechuchumaa hajulikani yuko mkoa gani.

Mambo hayo yalianzia Siku ya Kishindo, miaka arobaini nyuma, bwawa kubwa la nchi lilipopasuka na maji yakafagia nusu ya mji. Walionusurika waliugua. Wapo waliopoteza usingizi, wapo waliotapika kila walichokula, na wengi walipatwa na yote kwa pamoja. Matabibu wawili mashuhuri wakagombea mgonjwa mmoja, huyu akamvuta kichwa na huyu akamvuta miguu, mpaka Baraza likaamua wagawane. Historia ya Ukosi inawataja matabibu wale kwa majina na kwa ukoo. Kama mgonjwa alipona, haisemi.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Baraza linajadili kwa mwaka wa kumi na mbili sasa kama koo ni la Juu au la Chini, na kwa kuwa uamuzi haujatoka, wenye madonda ya koo hawatibiwi na yeyote, nao hawana sauti ya kulalamika. Kwikwi inahesabiwa kuwa ni kuvuka mpaka bila kibali. Na maneno "tumbo joto", ambayo kwetu kila mtu huyatumia akiwa na wasiwasi, yameondolewa katika kamusi ya huko, kwa maelezo kwamba wasiwasi hauna shughuli yoyote tumboni.

Hata hivyo, matabibu wa Nyumba ya Juu, hospitali ya wagonjwa wa akili, walikuwa hodari kweli, na Mwanamvua hakuona haya kuwasifu. Tabibu Shekue, aliyepewa Ngwali, alikuwa mtu mpole mwenye masikio makubwa na subira kubwa zaidi. Kila asubuhi alisimama naye kwenye kivuli cha ukuta, hata saa nzima, bila kumharakisha.

"Leo umeota nini?"

"Giza."

"Ndani ya giza mna nini?"

Ngwali alitikisa kichwa. Tabibu Shekue alisema, "Haya, tutasimama tu," nao wakasimama.

Tatizo lilikuwa bakuli. Kwa kuwa chakula ni jambo la Chini, Nyumba ya Juu hairuhusiwi kukifikiria, na ili isilazimike kukifikiria iliamuliwa zamani kwamba chakula cha wagonjwa wa akili kiwe cheupe kitupu. Asubuhi uji wa sembe na sukari, mchana ugali wa sembe na maziwa ya unga, jioni mkate mweupe na soda. Mlinzi alipita akichungulia kila bakuli. Akiona jeupe, aliweka alama ya vema. Ngwali kila alipowekewa bakuli mbele yake alitokwa jasho. Alikula vijiko vitatu, kisha akaacha. Kwa kuwa hayo yalitokea katika bwalo lililojaa watu, Tabibu Shekue aliandika kwamba mgonjwa anaogopa umati. Mwanamvua naye alidhani hivyo hivyo.

Mwezi ukapita. Ngwali alizidi kukonda.

Nyuma ya jiko la Nyumba ya Juu palikuwa na uwanja uliozungushiwa makuti, ambao walinzi hawakuingia kwa sababu ya moshi. Huko alitawala mpishi, Bi Kidawa, mama wa makamo mwenye mikono minene, ambaye katika kola yake alichomeka mwiko mdogo wa kuonjea. Alikuwa mtoto siku ya Kishindo, na maji yalimchukulia wazazi wote wawili. Nyuma ya uwanja alikuwa na bustani: mchicha, matembele, kunde, mnavu, mbaazi, maboga yaliyotambaa mpaka juu ya paa la choo. Siku moja alimwita Mwanamvua.

"We mtoto wa chuo! Njoo hapa. Mdogo wako anapenda kula nini?"

Mwanamvua alitafuta pa kuketi, kwa kuwa swali lilikuwa la Chini.

"Chuchumaa, usinipotezee wakati. Shika hayo matembele uchambue."

"Bi Kidawa, si kosa?"

"Ni kosa. Vunja na hivyo vijiti vigumu, usiniwekee kuni kwenye mboga."

Mwanamvua alichuchumaa. "Nyumbani alipenda kisamvu, na..."

"Nani kakuambia unijibie? Kamlete mwenyewe."

Ngwali alikuja akiburuta miguu. Bi Kidawa hakumuuliza habari za giza wala za ndoto. Alimsogezea ungo na kumuuliza kama vile ndiye mgeni wa kwanza kufika katika nchi ile: "Mwanangu, unataka kula nini?"

Ngwali alichambua majani mpaka sufuria ikachemka na kufunikuliwa. Kisha akasema, "Chochote kisicho cheupe."

"Ha! Basi umefika kwenu," alisema Bi Kidawa akicheka. "Hicho ninacho tele."

Hivyo ndivyo Mwanamvua alivyoijua siri ya jiko lile. Kwa miaka sita Bi Kidawa alikuwa akiwalisha wagonjwa waliomwomba maharage, kunde, majani, maboga na maganda yake, mtama usiokobolewa na togwa iliyochachuka vizuri, na juu ya kila bakuli alimwaga uji mweupe, mwembamba kama utando wa maziwa. Mlinzi alichungulia utando, akaweka alama yake, akapita. Ngwali peke yake aliwekewa tui la nazi badala ya uji, kwa sababu alipouona uji alirudisha bakuli.

Bi Kidawa alieleza kwa njia yake. "Tumboni mna wapangaji, mwanangu. Ukiwapa sukari tupu, wanagombana, nyumba nzima hailali. Wape majani na maganda, kila mmoja anashika kazi yake."

Mwanamvua alishangaa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa chuoni, kwa maneno marefu zaidi. Utumbo umejaa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni nyuzinyuzi za mimea. Upo mshipa wa fahamu unaotoka kichwani, unaopita shingoni na kushuka mpaka tumboni, na habari hupita humo kwenda na kurudi. Wataalamu wanachunguza kama kuwalisha vizuri viumbe wale kunaweza kumpunguzia mtu maumivu ya akili yanayofuata msiba mkubwa. Wanachunguza, hawajamaliza. Profesa wake, mama mkali, alikuwa akigonga meza kila kipindi: "Semeni 'huenda', wanangu. Neno 'huenda' ni la watu wazima."

Wiki ya tatu Ngwali akaenda choo bila kulia. Wiki ya tano akalala saa tano mfululizo. Asubuhi yake akasimama na Tabibu Shekue na, kwa mara ya kwanza, akasema kwamba ndani ya giza mlikuwa na mlango. Jioni, akichambua kunde, alimtania dada yake kwamba anachambua kama anayesahihisha mitihani. Mwanamvua alikimbilia nyuma ya jiko, akalia peke yake huko, halafu akaenda kutafuta karatasi.

Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa kijana, alikuwa na furaha, na aliona jinsi nchi nzima ingeweza kufaidika. Aliandika barua kwa ofisi zote mbili na kubandika nakala sokoni: *Ndugu yangu amepona kwa mboga za Bi Kidawa.* Neno la watu wazima hakuliandika.

Siku ya pili walinzi wakaingia kwenye moshi. Bi Kidawa akashtakiwa kwa kuvusha bidhaa za Chini kuingia Juu kwa miaka sita, na ikatangazwa kwamba akipatikana na hatia bustani itang'olewa, jiko litafungwa, na wagonjwa wote watarudi kwenye bakuli jeupe mpaka ndani.

"Umenimaliza, mtoto wa chuo," alisema Bi Kidawa walipomtoa, bila hasira, huku akimkabidhi mwiko. "Kunde zipo motoni. Usiziache zikaungua."

Nje, mambo yalikwenda upande mwingine. Bwana mmoja aitwaye Chande alianza kuuza vipakiti vya vumbi la kijani, akaviita Unga wa Ngwali, na akahubiri sokoni akiwa amesimama juu ya kiti: "Waacheni matabibu! Kusimama kwenye ukuta kumemponya nani? Kijiko kimoja asubuhi, msiba kwaheri!" Watu walimwamini, kwa kuwa barua ya Mwanamvua ilisema maneno yale yale kwa ufupi zaidi. Bi Rehani, mshonaji aliyekuwa akisaidiwa na Tabibu Shekue kwa miaka miwili, aliacha kwenda kwake akashika kijiko. Siku ya nane, saa sita mchana, majirani walimkuta amejifungia kabatini, anatetemeka, kipakiti kitupu mkononi.

Na siku ya tisa mvua ilinyesha. Mwanamvua alikuwa anakoroga kunde. Aliposikia matone juu ya makuti, aligeuka kumtazama ndugu yake, na hakumwona. Ngwali alikuwa chini ya meza ya kukatia mboga, amejikunja, meno yanagongana.

Mwanamvua alipiga magoti kando ya meza. "Ngwali. Ni mvua tu."

"Najua ni mvua," alisema Ngwali. "Na wewe unajua kwamba sijapona. Kwa nini uliandika?"

Mwanamvua alikaa pale mpaka mvua ikakatika. Alipoinuka, alikuwa ameamua mambo mawili: atalifuta neno lake mbele ya nchi nzima, na Bi Kidawa hatafungiwa jiko kwa sababu ya kufutwa kwa neno hilo. Hakujua bado yatawezekanaje yote mawili. Lakini alikwenda sokoni, akabandua nakala ya barua mbele ya Bwana Chande, ambaye alimwuliza kama anataka kuwaua watu kwa kuwanyima tumaini.

"Tumaini nitawaletea," alisema Mwanamvua. "Ila halitakuwa la kupimwa kwa kijiko."

Kesi ilisikilizwa na Hakimu wa Shingo, Mwinyikombo, mtu wa haki aliyevaa kola kubwa kuliko zote nchini. Ilimfika masikioni, kwa hiyo hakuweza kugeuza wala kuinamisha kichwa. Akitaka kumtazama mtu wa pembeni aligeuka mwili mzima na kiti chake. Kushoto kwake alisimama Mkuu wa Juu. Kulia alikaa Mkuu wa Chini. Saa ya kwanza ilitumika kujadili kama mashtaka yasomwe kwa kusimama au kwa kukaa, na ikaamuliwa mstari mmoja kwa kusimama, unaofuata kwa kukaa.

"Huyu mama ameingiza maharage katika mkoa wangu," alisema Mkuu wa Juu.

"Maharage ni yangu," alisema Mkuu wa Chini kutoka kitini. "Mimi ndiye niliyeibiwa. Hakuomba kibali kwangu hata siku moja."

"Na wewe ungempa?"

"Kwa wagonjwa wako? Thubutu!"

Bi Kidawa alipoulizwa kama anakiri, alisema, "Nakiri nimepika."

Kisha akaitwa Mwanamvua. Alisimama, kwa kuwa alikuja kusema habari ya kosa lake. "Niliandika kwamba ndugu yangu amepona. Si kweli. Analala kuliko zamani, anakula, anacheka mara moja moja. Mvua ikinyesha bado anaingia chini ya meza. Kilichomsaidia sikijui chote. Huenda ni majani. Huenda ni Tabibu Shekue. Niliondoa neno 'huenda' kwa sababu nilitaka sana iwe kweli, na Bi Rehani ameumia kwa ajili hiyo."

Watu walinong'ona. Mkuu wa Juu alitabasamu. "Basi kesi imekwisha. Shahidi wao mwenyewe anasema hajui."

"Sijui," alisema Mwanamvua, na sauti yake ikapanda, "na ninyi hamjui! Miaka arobaini mnapika kitu kimoja, na hamjamuuliza mgonjwa hata mmoja kinamfanyia nini. Mkimfungia Bi Kidawa hatutajua kamwe. Mimi sitaondoka hapa. Mkiing'oa bustani, nitapanda nyingine. Mkiing'oa hiyo, mbegu ninazo."

"Huyu binti anazungumza habari za mbegu akiwa amesimama," alilalamika Mkuu wa Chini.

"Aitwe mgonjwa," alisema Hakimu.

Ngwali aliingia. Wakuu wote wawili wakaanza kugombana nani amhoji kwanza, Mkuu wa Juu akimtaka asimame na Mkuu wa Chini akimtaka aketi. Ngwali aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha, katikati ya baraza, mbele ya watu wote, akachuchumaa, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa.

Hakimu Mwinyikombo, ambaye hakuweza kuinamisha kichwa, aliona tu hewa tupu mahali aliposimama shahidi.

"Yuko wapi? Shahidi, simama au kaa!"

"Nilikuwa hivi," ilisema sauti kutoka chini. "Siku mbili. Mheshimiwa, nikisimama siwezi kuyasema. Nikikaa pia siwezi. Nilikuwa hivi."

Hakimu aliinuka kitini. Alizunguka meza, akatembea mpaka sauti ilipokuwa, lakini bado hakumwona, kwa kuwa kola ilimshika kidevu. Mikono yake ilipanda shingoni, ikapapasa, ikapata kifungo. Kola ilifunguka kwa mlio wa ukindu mkavu. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, laini kama ya mtoto mchanga, na watu wengine walitazama pembeni kwa haya. Hakimu aliinamisha kichwa, kwa uchungu, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Halafu, huku magoti yakilia, akachuchumaa mbele ya Ngwali. Akauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa katika kesi ya Juu.

"Siku hizo mbili, mwanangu, ulikula nini?"

Ngwali alimtazama. "Unga," alisema. "Nilikuwa chini ya mashine. Magunia yalipasuka, sembe ikajaa chumba chote. Ilikuwa puani, machoni, kila nikivuta pumzi. Nilipopata njaa nilikula hiyo hiyo, kavu. Ilinikaba. Yule mwenye mashine, Mzee Mbaruku, alikuwa upande wa pili wa mlango. Tulikuwa tunaitana. Siku ya pili aliniuliza kama bado nina unga, nikamwambia ninao. Akasema, kula, mwanangu, usiache. Baada ya hapo hakuita tena." Kisha akasema, "Hapa kila asubuhi mnaniletea ule ule unga. Mnanisimamisha, mnaniuliza ndani ya giza mna nini. Halafu mnanilisha giza lenyewe."

Tabibu Shekue, aliyekuwa ukutani, alifunika uso kwa mikono miwili. Mwanamvua alibaki amesimama, machozi yanamtiririka. Alikuwa amejifunza mengi kuhusu nyuzinyuzi, na hakuwahi kuuliza bakuli lile linanukia nini puani mwa ndugu yake. Aliyeuliza alikuwa mpishi.

Hakimu alitoa hukumu akiwa pale pale chini, kwa kuwa hakuweza kuinuka bila kusaidiwa.

"Baraza hili halijui kama mboga zinatibu msiba," alisema. "Binti amesema huenda, nami naandika huenda. Bustani ibaki kwa mwaka mzima. Matabibu waendelee na kazi yao, na anayemwacha tabibu wake kwa ajili ya kipakiti arudi. Bwana Chande aondoe jina la kijana huyu kwenye biashara yake leo kabla jua halijazama. Kila mgonjwa aulizwe anakula nini, analalaje, na alikula nini siku ya msiba wake, na Wakuu wawili wawe wanauliza pamoja."

"Kwa kusimama au kwa kukaa?" waliuliza Wakuu kwa sauti moja.

"Hivi," alisema Hakimu. "Na mtu anishike mkono."

Sheria nyingine zote za Ukosi bado zipo, na mjadala wa koo unaendelea. Lakini kesho yake asubuhi, Wakuu wawili walionekana kwenye uwanja wa Bi Kidawa, wamechuchumaa kila mmoja na ungo wake, wakijifunza kutofautisha jani na kijiti. Mkuu wa Juu alilalamika miguu imekufa ganzi.

"Na hiyo nayo iko mkoa gani, mheshimiwa?" aliuliza Bi Kidawa, na kumwongezea fungu la mnavu.

Bi Rehani alikuwepo, amekaa karibu na Tabibu Shekue, wakizungumza polepole. Mwanamvua alikuwa na daftari jipya gotini. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika *Huenda*, akapiga mstari chini yake, kisha akaanza kuuliza watu mmoja mmoja. Angekaa mwaka mzima. Alikwisha kuandika nyumbani kuwaambia.

Adhuhuri wingu likasimama juu ya bustani, na tone la kwanza likadondoka kwenye jani la boga. Ngwali aliacha kuchambua. Aliitazama meza, akaitazama kwa muda mrefu, na kila mtu pale uwanjani akajifanya hamtazami.

"Dada," alisema.

"Nipo."

"Acha kuandika. Njoo huku, shika upande wa pili wa ungo."

Mwanamvua aliweka daftari chini, akaenda kuchuchumaa mkabala naye. Mvua ilikolea juu ya makuti. Ungo ulitikisika kati yao, mbaazi zikirukaruka ndani yake kama zinachemka. Wakaushika kwa mikono minne, na Ngwali, huku meno yakigongana, akaokota ganda moja, akalitupa, akaokota jingine.